Black Sabbath: Uzito Uliotoka Kiwandani

Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, kampuni ya Vertigo ilitoa nchini Uingereza albamu ya kwanza ya kundi la Black Sabbath, iliyobeba jina la kundi lenyewe. Nusu karne na ushei imepita, na kila kumbukumbu yake inapowadia husimuliwa habari za misalaba na mashetani. Lakini chimbuko la sauti ile ni karakana za Birmingham.

Vijana wanne wa kundi hilo walikulia Aston, mtaa wa watu wa viwandani. Mwimbaji, Ozzy Osbourne, aliwahi kufanya kazi machinjioni. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alifanya kazi katika kiwanda cha mabati. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 17, siku yake ya mwisho kazini, aliwekwa kwenye mashine asiyoizoea. Ikamkata ncha za kidole cha kati na cha pete za mkono wa kulia. Kwa kuwa hupiga kwa shoto, huo ndio mkono wake wa kubania nyuzi.

Msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa jazi aliyeungua mkono mwaka 1928 na bado akapiga gitaa kwa vidole viwili. Iommi akapata moyo. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga ikawa subana mbili za kuvalisha vidole, akazibandika ngozi ili zisiteleze. Nyuzi za kawaida zilimshinda kwa ugumu, akatumia nyembamba, zikiwemo za banjo. Baadaye akazilegeza pia: kufikia albamu ya Master of Reality, mwaka 1971, gitaa lake lilikuwa limeshushwa nusutoni tatu. Uzi uliolegea hurahisisha kubana, na hutoa sauti nene.

Albamu ya kwanza ilirekodiwa tarehe 16 Oktoba 1969 katika studio ya Regent Sound, London, chini ya mtayarishaji Rodger Bain. Walipewa siku moja tu. Iommi, Geezer Butler kwenye besi na Bill Ward kwenye ngoma walipiga kwa pamoja kama walio jukwaani, Osbourne akiimba kutoka kwenye kichumba chake. Sauti za mvua na kengele zinazoufungua wimbo wa kwanza ziliongezwa baadaye.

Wachambuzi wengi waliiponda. Wanunuzi hawakuwasikiliza: ilifika nafasi ya 8 Uingereza na ya 23 Marekani. Tarehe 5 Julai 2025 wote wanne walipiga kwa mara ya mwisho uwanja wa Villa Park, hapo hapo Aston. Siku 17 baadaye Osbourne akafariki.

Aliyolazimika kuyafanya Iommi kwa sababu ya jeraha yamekuwa kanuni ya hevi metali. Leo wapiga gitaa wenye vidole vyote kumi hulegeza nyuzi zao kwa hiari.