Walinzi wa Goma: kuanzia mazuku ya wazee mpaka rangi za tahadhari

Tunaposikia neno ulinzi, wengi wetu tunawaza kwanza askari, bunduki na bariyeri. Si ajabu. Inchi yetu ilipewa Force Publique mwaka wa 1885. Ile ilikuwa jeshi na polisi pamoja, na kazi yake ilikuwa kulinda leta na kulazimisha watu kazi, si kulinda watu wenyewe. Tangu pale majina yalibadilika mara nyingi, mpaka Polisi ya Taifa ya Kongo ikaundwa mwaka wa 1997, lakini katika masikio ya wazazi wetu mlinzi alibaki mtu wa kuogopwa.

Katika kurasa hizi tunataka kuonyesha kama huko Goma, chini ya mlima Nyiragongo, kuna ulinzi wa namna ingine: ule wa kuonya jirani kabla ya hatari na kumfungulia njia ya kupita. Vijana wenye kutafuta leo kazi katika polisi, uhamiaji ao ulinzi wa raia wajue historia hiyo.

1. Mazuku, elimu ya wazee

Magharibi mwa Goma, kwa njia ya Sake, kuna mashimo na mabonde madogo ambamo gazi ya kaboni inatoka ndani ya udongo. Haina rangi, haina harufu. Juu ya uzito wake inashuka na kulala mahali pa chini, sana sana usiku na asubuhi mapema, wakati upepo umetulia. Mbuzi anaingia kutafuta majani, hatoki tena. Mtoto yuko katika hatari kuliko baba yake, sababu pua yake iko karibu na udongo.

Watu wa kule waliita jambo hili mazuku, ni kusema upepo mbaya. Hawakuwa na mashine ya kupima, lakini walijua kusoma alama: ndege na panya waliokufa pasipo kidonda, moto unaozimika pasipo mtu kuuzima. Kwa hiyo mtoto anakatazwa kushuka shimoni alfajiri, na mgeni anaonyeshwa mahali pa kutolala. Tuseme wazi, hiyo ni kazi ya usalama kamili: kujua hatari, kuipa jina, na kuipasha kwa mwingine. Leo wataalamu wa volkano wa dunia nzima wanaandika neno mazuku katika vitabu vyao, nao walilichukua kwetu.

2. Mlima na wenye kuuangalia

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika chini ya saa moja. Vijiji vilifunikwa kabla watu hawajaelewa. Kisha msiba ule, mwaka wa 1986, kukaundwa Observatoire Volcanologique de Goma, yenye tunaita OVG. Wafanyakazi wake wakawa walinzi wa aina mpya, wenye kukesha na kusikiliza udongo.

Mwanzoni mwa 2002 mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na OVG ilikuwa na vituo viwili tu vya kupima mitetemeko. Hata hivyo mtaalamu wake Dieudonné Wafula aliona dalili na akaonya siku kadhaa mbele. Onyo halikupata mukubwa wa kulipokea. Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, lava ilikata mji katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia katika ziwa Kivu. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila makao. Na siku ine baadaye, tarehe 21, kituo kimoja cha mafuta kililipuka wakati watu walikuwa wakichota mafuta karibu na lava yenye moto. Makumi walikufa. Yaani hata lava iliposimama, kazi ya kuonya ilikuwa haijaisha.

3. Mpaka ulipofunguka

Mpaka kati ya Goma na Gisenyi ulipangwa na wazungu mwaka wa 1910, kwa makubaliano ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Wenyeji hawakuulizwa. Lakini watu wa pande mbili waliendelea kuvuka kwa soko, kwa ndoa, kwa matanga, na kwa miaka mingi mama wa soko walipita bariyeri na kikaratasi chenye tunaita jeton. Kwa kawaida askari wa mpaka aliuliza hiyo karatasi. Mwaka wa 2002 mamia ya maelfu ya watu walikimbia mji, wengi wao wakapitia Gisenyi. Kama bariyeri ingefungwa, lava ingewakuta katikati ya moto na ziwa. Kwa hiyo tunasema, kulinda mpaka ni kujua pia saa ya kuufungua.

4. Mtihani wa 2021

Baada ya 2002 OVG ilipata msaada, vyombo vikaongezeka, na wakaaji wakafundishwa rangi za tahadhari: kijani, manjano, machungwa, nyekundu. Lakini mwaka wa 2020 msaada mkubwa ulikatika, na kwa miezi kadhaa OVG ilikosa hata intaneti ya kupokea habari za vituo vyake. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima ulipasuka pasipo onyo. Watu zaidi ya 30 walikufa, na lava ikasimama kwenye mlango wa mji.

Haki inatuomba kuongeza jambo moja. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2022 ulionyesha kama dalili za mwisho zilianza chini ya saa moja mbele ya mlipuko. Hata vyombo vizuri vingetoa muda mfupi tu. Ndiyo maana ule muda mfupi hauwezi kupotezwa na barua yenye kulala mezani. Tarehe 27 Mei wakubwa waliamuru kartie 10 zihame, watu wakaenda Sake, Minova, Bukavu na Rwanda. Watoto wengi walipotezana na wazazi, na vijana wa Msalaba Mwekundu wakafanya kazi ya kuwakutanisha tena.

Mwisho

Mwaka wa 2002 mji ulikuwa chini ya RCD; mwaka wa 2021 chini ya serkali; mwishoni mwa Januari 2025 ukachukuliwa na M23. Nyiragongo haiulizi ni nani anayetawala. Kwa hiyo anayefundishwa kazi ya usalama asiishie kusoma sheria na kubeba silaha. Ajue mazuku, ajue rangi za tahadhari, ajue njia za kutokea za kartie yake, na awe mtu ambaye jirani anaweza kumkimbilia bila woga. Wazee walisema: tahadhari kabla ya hatari. Sisi tunaongeza: na tahadhari ipate mwenye kuisikia.