Nakala Iko kwa Nani? Kisomeo cha Kidijitali katika Historia ya Kitabu cha Kiswahili

Mijadala kuhusu visomeo vya kidijitali hujikita zaidi katika kulinganisha kioo na karatasi: iwapo macho huchoka, iwapo vijana husoma kwa kurukaruka. Makala haya yanadai kwamba badiliko kubwa zaidi kihistoria liko kwingine, yaani katika umiliki wa nakala.

Kabla ya mitambo ya uchapaji kufika Zanzibar katika karne ya 19, tenzi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kunakiliwa majumbani huko Pate, Lamu na Mombasa. Hata baada ya hapo kazi hiyo haikukoma. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya miswada ambayo hadi leo husomwa London na Ujerumani. Aliyekuwa na nakala aliweza kuisoma, kuiazimisha, kuirithisha na kuinakili upya. Hatusemi hayo kwa kuupamba wakati uliopita, kwani mchwa na unyevu vilikula mengi. Hata hivyo, utenzi ulionakiliwa katika nyumba tano haukuangamia kwa kuangamia kwa nyumba moja.

Kindle ilipotolewa na Amazon Novemba 2007, kwa bei ya dola 399, ilimwondolea mchapishaji gharama za karatasi, ghala na usafirishaji. Kwa wachapishaji wetu, ambao soko lao hutegemea vitabu vya kiada, hilo si jambo dogo: riwaya yenye wasomaji wachache haina sababu ya kuadimika. Lakini msomaji hakununua nakala, bali leseni. Julai 2009 kampuni hiyo ilifuta kutoka katika visomeo vya wateja matoleo ya *1984* na *Animal Farm* yaliyokuwa yameuzwa na mtu asiye na hakimiliki. Wateja walirudishiwa fedha, na Jeff Bezos akaomba radhi hadharani. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu pepe, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikatoweka. Hapo pia fedha zilirudishwa.

Linganisha na tafsiri ya Kiswahili ya kitabu hichohicho cha Orwell, *Shamba la Wanyama*, iliyofanywa na Fortunatus Kawegere na kutolewa na East African Publishing House mwaka 1967. Shirika hilo halipo tena. Nakala iliyosalia rafuni, hata ikiwa imechanika jalada, bado inasomeka, na hakuna awezaye kuifuta kutoka mbali.

Katika nchi zetu kisomeo kikuu ni simu, na wanafunzi hurushiana mafaili ya vitabu kwa WhatsApp. Wachapishaji huuita wizi, nao wana haki, maana mwandishi hapati kitu. Mwanahistoria wa kitabu, hata hivyo, anaitambua hapo desturi ya mnakili, ikiwa imekosa adabu yake: faili halina jina la aliyelinakili, wala tarehe, na mara nyingi kurasa za mwanzo zimekatwa.

Pendekezo letu linahusu mikataba. Kila kitabu pepe cha Kiswahili kikabidhiwe angalau kwa maktaba mbili, katika nchi mbili tofauti, kikiwa faili lisilofungwa kwa nywila wala kutegemea duka lolote. Maktaba ziruhusiwe kulihamishia katika mfumo mpya kila ule wa zamani unapopitwa na wakati, na mwandishi alipwe kwa nakala hizo kama anavyolipwa kwa zile zinazouzwa.