Kura Tatu za Mwaka 1958

Leo tutasoma habari za kura katika Tanganyika.

Wakati ule Waafrika walizidi milioni nane. Wazungu na Waasia walikuwa wachache sana. Hata hivyo Serikali ya Kiingereza iliamuru kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Tena si kila mtu aliruhusiwa. Ilimpasa awe na elimu ya kutosha, au cheo, au mapato ya paundi 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000. Mkulima wa jembe la mkono angezipata wapi?

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Mwalimu Julius Nyerere aliwasihi waingie, kwani wakikaa nje, viti vitachukuliwa na chama cha UTP. Walibishana sana, mwisho wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga, akaunda chama chake.

Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa. Aliyejua kusoma na kuandika Kiswahili aliweza kuandikishwa, hata kama hana mali. Mwaka 1962, katika kumchagua Rais, watu wazima wote walipewa haki hiyo, hata wasiojua kusoma.

Sasa jibuni:
1. Kwa nini wengi walichukia kura tatu?
2. Kama ungalikuwa Tabora, ungalishika upande gani? Kwa nini?