Bustani za magunia Kibera na Kawangware: shamba la asiye na shamba

Mgeni wa Pwani akiingia Kibera mara ya kwanza huona mabati. Akitulia kidogo huona pia kijani: gunia limesimama kando ya mlango, juu limejaa spinachi, na ubavuni majani ya sukuma wiki yamechomoza kwenye matundu. Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi, hali ni hiyo hiyo, ila huko utakuta pia ndoo kuukuu na mitungi iliyokatwa, imepangwa kwenye roshani na ngazi za nyumba za kupanga. Manufaa ya bustani hii ni makubwa kwa mtu asiye na ardhi. Lakini manufaa hayo yote yategemea kitu kimoja: udongo uliotiwa ndani ya gunia.

Chimbuko

Kilimo si kigeni Kibera. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, yaani msitu. Wanubi, ambao mababu zao walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Waingereza, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakilima na kufuga. Watu walivyozidi, mashamba yakageuka vyumba. Mwaka wa 2017 jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki ya ekari 288, lakini wakaazi wengi wa Kibera ni wapangaji wasiomiliki ardhi hata hatua moja.

Magunia yalienea baada ya vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Reli ipitayo Kibera iling'olewa, barabara zikafungwa, soko la Toi likateketea, na mboga zikawa adimu. Mwaka wa 2008 shirika la Kifaransa la Solidarités lilianza kuwagawia wakaazi miche na kuwafunza kilimo hiki. Mwaka huo huo, kikundi cha vijana kilisafisha jaa la taka karibu na reli na kuligeuza shamba la mboga.

Namna ya kutengeneza

Linahitajika gunia, udongo, samadi, kokoto na kopo lililotobolewa pande zote mbili. Simamisha gunia, weka kopo katikati chini, lijaze kokoto, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta kopo juu, lijaze tena kokoto, ongeza udongo, na uendelee hivyo mpaka karibu na mdomo wa gunia. Mwishowe utakuwa na nguzo ya kokoto katikati, ambayo ndiyo njia ya maji. Bila nguzo hiyo maji hubaki juu, na miche ya chini hukauka.

Toboa matundu madogo ubavuni kwa kupishana, upandike miche ya sukuma wiki. Juu weka spinachi, vitunguu vya majani au dania. Gunia la kilo 90 laweza kubeba miche 30 na zaidi mahali pasipozidi upana wa kiti. Samadi haiko mbali Kawangware, kwani eneo la Dagoretti bado lina wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Muhimu ni iwe imeoza vyema, kwa sababu samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu.

Baada ya mwezi hivi waweza kuanza kuchuma. Chuma majani ya chini na uache kile kichwa cha katikati, nayo sukuma itaendelea kutoa kwa miezi kadhaa. Wengine hupanda mboga za kienyeji, ambazo msomaji wa Pwani atazitambua kwa majina mengine: terere ni mchicha wetu, managu ni mnavu, na saga ni mgagani.

Hatari iliyo udongoni

Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na yakikatika bei hupanda. Kwa hiyo wengi hurudia maji yaliyooshea mboga au mchele, na hayo hayana neno. Maji ya mtaro ni jambo jingine, kwani hubeba kinyesi na maradhi.

Kubwa zaidi ni udongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan walioupima udongo wa Kibera walikuta madini ya risasi na kadimiamu. Madini haya hutoka kwenye betri kuukuu, rangi, taka zilizochomwa na moshi wa magari. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na kadimiamu huharibu figo. Yakishaingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha wala kupika. Kuosha huondoa vumbi la nje tu, ingawa nalo si dogo kando ya barabara.

Hapa ndipo gunia lishindapo shamba la ardhini: udongo wake huchaguliwa. Usichote jaani, karibu na gereji wala ukingoni mwa mtaro. Afadhali kulipia mkokoteni mmoja wa udongo kutoka shambani kuliko kuwalisha watoto sumu ya bure.

Sheria na kuhama

Tangu 2015 Kaunti ya Nairobi ina sheria inayotambua na kusimamia kilimo cha mjini. Lakini sheria hiyo haimpi mpangaji ardhi. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara. Aliye na shamba la ardhini huliacha nyuma. Mwenye gunia aweza kulipakia kwenye mkokoteni akahama nalo.

Kwa anayetaka kujaribu Pwani

Palipo na mawe ya matumbawe au mchanga mtupu, gunia hufaa vivyo hivyo. Sukuma hupenda baridi, basi huku liwekwe penye kivuli cha mchana, au upande mchicha na kunde, zinazostahimili joto. Onja maji ya kisima kabla ya kumwagilia. Yakiwa na chumvi, acha vitunguu, ujaribu spinachi, ambayo huvumilia chumvi zaidi, na ukinge maji ya mvua kila inaponyesha.