Rajaf: Kijiji Kilichoahidiwa Reli ya Mfalme

Ukisimama katika Bandari ya Juba, ambako shehena kutoka kaskazini hushushwa kutoka kwenye vyombo vya mtoni, geuza uso wako kusini, upande unakotoka mto wa Nile Nyeupe. Mwendo usio mrefu kutoka hapo, katika ukingo wa magharibi, kipo kijiji tulivu cha Rajaf, karibu na kilima chenye umbo la pia. Hutasikia honi ya garimoshi huko. Hata hivyo, historia ya kijiji hiki imefungamana na reli ya mfalme.

Mfalme huyo ni Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyeimiliki Kongo kama shamba lake binafsi ilhali hakuwahi kuikanyaga. Mwaka 1894, Uingereza ilimkodishia eneo la Lado, ambamo Rajaf imo. Mnamo Februari 1897, majeshi yake yakiongozwa na Louis Chaltin yaliwashinda wafuasi wa Mahdi hapo Rajaf.

Kwa nini alikitaka kijiji hiki? Sababu ni mto. Kusini mwa Rajaf maporomoko huzuia meli; kaskazini, njia ya maji huelekea Khartoum. Kwa hiyo reli kutoka Kongo ingeikuta meli hapa. Mkataba wa tarehe 9 Mei 1906 ulimwachia Leopold eneo hilo kwa muda wa uhai wake tu, pamoja na kukubali reli ijengwe kutoka mpaka wa Kongo hadi Nile. Leopold alifariki tarehe 17 Desemba 1909. Mwaka uliofuata Lado ilirudishwa Sudan. Reli haikujengwa.

Wahenga walisema: ahadi ni deni. Lakini tujiulize, deni hili alidaiwa nani, na mdai alikuwa nani? Mkataba ulikuwa kati ya Uingereza na mfalme. Wabari, wenye ardhi ile, hawakuwa upande wowote wa mkataba. Walibadilishiwa watawala bila kuulizwa.

Swali hilo halijazeeka. Tarehe 2 Machi 2012, viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walizindua huko Lamu mradi wa bandari, barabara, bomba la mafuta na reli, ambao ramani yake inaifikisha reli hadi Juba. Reli iliyomo nchini hadi leo ni ile iliyofika Wau mwaka 1962.

Reli ni jambo jema: hupunguza gharama na hukutanisha watu. Ila raia mwema haulizi tu, “Itafika lini?” Huuliza pia, “Itapita katika ardhi ya nani, na nani ameshauriwa?” Ukifika Rajaf, keti na wazee, wasalimu kwa adabu, kisha wasikilize. Mfalme hakufanya hivyo.