Proksi Haisahau: Daftari la Syria, 2011

Kama unasoma haya ukiwa ofisini au chuoni, huenda ombi lako limepitia kwanza kwa mlinzi wa geti, yaani seva ya proksi. Mlinzi huyu ana daftari. Kila ombi linaandikiwa mstari wake: tarehe, saa, anwani ya kompyuta iliyoomba, tovuti iliyoombwa, na kama liliruhusiwa au lilikataliwa. Fundi akitafuta jambo hasomi daftari lote. Anachuja tu: nipe mistari yenye neno hili, nipe ya kompyuta ile. Sekunde chache, kazi imekwisha.

Sasa twende Syria. Mwaka 2011 watu walikuwa barabarani wakimpinga Rais Bashar al-Assad. Oktoba mwaka huo wanaharakati wa mtandao waitwao Telecomix walianika logi za proksi 7 zilizokuwa zikichuja intaneti ya nchi hiyo. Nyingi zilikuwa za mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti. Mashine zenyewe zilitengenezwa na Blue Coat, kampuni ya Marekani, ingawa Marekani hiyo hiyo ilikuwa imeiwekea Syria vikwazo. Zilifikaje? Zilipitia Dubai. Mwaka 2013 msambazaji wa huko, Computerlinks FZCO, alikubali kulipa faini ya dola milioni 2.8.

Watafiti wa Ufaransa, Uingereza na Australia wakazichambua logi hizo, wakatoa matokeo mwaka 2014. Maombi yalikuwa zaidi ya milioni 750. Je, unadhani yaliyozuiwa yalikuwa mangapi? Hayakufika hata asilimia 1!

Usikimbilie kusema kwamba serikali ile ilikuwa na huruma. Walioruhusiwa nao waliandikwa. Geti likiwa wazi na mlinzi akawa anaandika, wewe hujawa huru, umehesabiwa tu.

Hata huko kuzuia kwenyewe kulikuwa kwa pupa. Neno "proxy" lilipigwa marufuku ili watu wasikwepe kichujio. Matokeo yake Google Toolbar nayo ikanaswa, kwa kuwa anwani iliyokuwa ikiiomba ilikuwa na neno hilo ndani yake. Mtu hajui siasa wala maandamano, lakini anwani ya kompyuta yake imeingia kwenye orodha ya waliokataliwa.

Kinachonigusa zaidi ni hiki. Telecomix nao walichuja kabla ya kuanika. Sehemu kubwa ya anwani za walioomba waliziweka sufuri, na za siku chache wakazigeuza kuwa alama zisizosomeka. Daftari ni lile lile. Mmoja analichuja ili ampate mtu, mwingine ili amfiche.

Sisi waandishi tunafundishwa kutomtaja mtoa habari hata tukibanwa. Sawa. Lakini mtoa habari akifungua tovuti akiwa kazini kwake, daftari la geti linaweza kumtaja kabla yangu. Siku hizi tovuti nyingi husimba mawasiliano, hivyo proksi mara nyingi haioni ukurasa uliousoma. Jina la tovuti na saa uliyoingia bado huandikwa.

Kwa hiyo kesho muulize fundi wa ofisini kwenu maswali mawili: daftari linafutwa baada ya siku ngapi, na nani anaruhusiwa kulichuja? Akianza kucheka tu bila kujibu, umeshapata jibu.