Sanduku la sabufa

Sanduku la sabufa ni kasha la mbao linalobeba spika ya besi, yaani ya sauti nzito za kati ya hezi 20 na 200 hivi. Kasha hutenganisha hewa inayosukumwa na mgongo wa koni na ile ya mbele. Zikikutana hufutana, na besi hupotea. Ndiyo maana spika ya bei kubwa katika kasha bovu hushindwa na spika ya kawaida katika kasha lililopimwa vizuri.

Ujuzi wa kupata sauti kutoka kwenye uwazi si mgeni huku kwetu Kisangani. Walokele wa kando ya mto Kongo huchonga lokole, gogo lenye tundu refu jembamba, ambalo John Carrington, mmisionari wa Yakusu, alilieleza katika kitabu chake cha 1949.

Adui mkubwa huku ni unyevu. Masako, hifadhi ya msitu karibu na Kisangani yenye hekta zipatazo 2,105 kwenye barabara ya zamani ya Buta, ina mvua karibu mwaka mzima. Mbao za unga wa miti uliogundishwa hunyonya maji na kuvimba. Ubao mzima hupinda, maungio yakaachia. Plaiwudi ya milimita 18, iliyogundishwa, kukazwa kwa skrubu na kupakwa rangi pande zote, ndiyo bora. Kukata afromosia kwa kazi hii ni hasara tupu: biashara ya kimataifa ya mti huo inadhibitiwa na mkataba wa CITES tangu 1992, na plaiwudi inaitosha spika.

Ujazo hufuata tabia ya spika yenyewe, kwa hesabu za Neville Thiele wa Australia na Richard Small. Kasha la sentimita 50 kwa 40 kwa 30 kwa nje hubaki na lita 44 hivi ndani. Spika ikiingia, 42. Bomba la plastiki lenye upana wa sentimita 7.5 na urefu wa 20 hulifanya livume kwenye hezi 35 hivi. Bomba la sentimita 10 litahitaji urefu wa karibu 38. Chini ya mvumo huo koni hukosa kizuizi cha hewa na huweza kuharibika, hivyo sauti zilizo chini yake zichujwe kwenye amplifaya.

Kabla ya kupiga muziki kwa nguvu, cheza noti nzito kwa sauti ya chini na upitishe kiganja kwenye maungio yote. Hewa ikisikika popote isipokuwa kwenye bomba, fungua, ongeza gundi, uanze upya.